Shajara ya kituo cha kuchambua takataka, Kadutu

Septemba, mvua imerudi

Kwa wale wanaoulizaga kila siku tumefika wapi: kituo kimesimama. Bati ziko juu, simenti imekauka, meza mbili za kuchambulia ziko na wavu chini ili majivu na mchanga vidondoke vyenyewe, mizani iko, choo iko, bidoni za maji ziko. Mashini ya kusaga plastiki nayo iko, ila imekaa ku kona imefunikwa shitingi (turubai) ju inataka umeme wa trifaze (ule wa nguvu wa mashini kubwa) na kwetu hapa umeme unakuja saa inayotaka wenyewe. Mfadhili aliomba tumpigie picha ya hiyo mashini. Tumempigia.

Asiyejua Bukavu aelewe kitu kimoja kwanza. Mji huu wa mashariki ya Kongo uko na komine (manispaa) tatu, Ibanda, Kadutu na Bagira, watu zaidi ya milioni moja, na wengi wao wako ku mteremko. Gari ya takataka inafika mpaka kwenye lami, basi. Kutoka pale hadi kwa mama mwenye pubele (pipa la takataka) ni ngazi za udongo na mifereji na nyumba zimebebana, kwa hiyo kinachobeba takataka ni mgongo wa mtu. Na mvua kubwa ikianza usiku unasikia milango inafunguka, kila mmoja anatoa mfuko wake anautupa ku mfereji, ju maji yatabeba. Na kweli yanabeba. Yanabeba mpaka mto Kawa, Kawa inamwaga ku ziwa Kivu, na vitu vinaelea pole pole mpaka pale Ruzizi inapoanzia, na ku Ruzizi njo kuna bwawa la umeme, Ruzizi I, linafanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950, kisha chini yake Ruzizi II ya 1989 ambayo umeme wake tunagawana na Rwanda na Burundi. Chupa na sashe (mifuko ya plastiki) zinaziba vyuma vya kuchujia maji, wapiga mbizi wanashuka kuzitoa, nyingine zinapenya zinaharibu mashini, umeme unapungua. Halafu yule aliyetupa sashe Kadutu anakaa gizani anauliza umeme umeenda wapi.

Habari za kuhamasisha watu sitaandika hapa, wengine wanaziandika vizuri kuniliko. Mimi nitaandika pesa. Kujenga kituo si shida, vimejengwa vingi hapa Kongo, shida ni mwaka ule mfadhili anapoaga. Kinshasa waliiona: Umoja wa Ulaya ulilipia programu ya PARAU miaka mingi, vituo vya kukusanyia, malori, dampo la Mpasa, mambo yakawa yanatembea, ilipofika 2015 pesa ya Ulaya ikaisha, mji ukaachiwa mzigo wote, na takataka zikarudi ku barabara. Sisi ni wadogo mara elfu kuliko PARAU lakini swali ni lile lile, nani atalipa mtu wa pusipusi (mkokoteni) mwezi ujao na ule unaofuata.

Oktoba, ndani ya mfuko mna nini

Kabla ya kununua kitu kingine chochote tulifanya kazi moja ya kinyaa sana: tulichukua mifuko ya nyumba za avenyi (mtaa) moja, tukamwaga yote juu ya meza, tukatenga, tukapima kila fungu kwa mizani. Zaidi ya nusu ya uzito ni vitu vya kuoza. Maganda ya mihogo, ya ndizi, ya viazi, mashina ya sombe na lengalenga, miwa iliyotafunwa, maboga yaliyoharibika. Fungu la pili kwa uzito likatushangaza: majivu na udongo. Ukifikiri kidogo unaona ni kawaida tu, watu wanapikia makala (makaa), na kila asubuhi wanafagia kiwanja cha udongo, vyote vinaingia mfuko mmoja. Plastiki inajaza macho, ukiiangalia pale unafikiri njo takataka yote, ila ku mizani ni kitu kidogo.

Si Kadutu tu. Benki ya Dunia mwaka 2018 ilihesabu kwamba ku nchi maskini chakula na majani ni kama 57% ya takataka, na kwamba takataka inayookotwa kabisa ku nchi hizo ni kama 39% tu, na bado hako kakazi kanameza karibu 20% ya pesa za miji. Kwa hiyo mtu akikuletea plani ya kituo iliyochorwa Ulaya, yenye mkanda wa kutembeza chupa na makopo, ujue mkanda huo utatembeza maganda ya mihogo.

Kingine ambacho hatukukiona ku meza: chupa za bia. Hata moja. Chupa ya Primus iko na konsinye yake, uirudishe njo upate nyingine, basi hakuna mjinga wa kuitupa. Shaba, feraye (vyuma chakavu), sufuria iliyotoboka, makopo ya aluminiomu, hivyo navyo havitufikii, vinaokotwa njiani na wale wanaouzia mafundi wa kumwaga sufuria. Nataka watu wa miradi waisikie hii vizuri: kila kitu chenye bei kimeshaondoka kabla ya kufika ku kituo. Kinachofika ni kile ambacho soko limekataa. Sasa unataka kuishi kwa kuuza kile soko limekataa?

Kuna mama anayesimamia meza, zamani alikuwa anauza unga ku soko ya Kadutu, sisi wote tunamwita Mama Shefu. Aliangalia mafungu, akaangalia mashini ku kona, akaniambia: "Papa, munanunua mashini ya plastiki na plastiki haina hata kilo. Nunueni majembe."

Sindano pia zimo. Si nyingi, ila moja inatosha. Tumebadilisha glavu za mpira na zile nene za ngozi wanazovaa wachomelea vyuma, na kila anayekaa ku meza anapata chanjo ya tetanosi na ile ya homa ya ini B, dozi 3, ya kwanza, ya mwezi unaofuata, na ya mwezi wa 6. Tumeiweka ku bajeti kama makala ya jikoni, yaani haiondolewi.

Novemba, beseni ya maji

Sasa plastiki. Hapa nitakaa kidogo ju ni kitu kinachofurahisha, hata kama hakilipi sana.

Mnunuzi hataki "plastiki". Anataka chupa za maji na soda peke yake, vifuniko peke yake, bidoni za mafuta peke yake, sashe peke yake. Ukimpa mchanganyiko anakupa bei ya takataka au hachukui. Namba ndani ya ile pembetatu chini ya chupa zinasaidia, 1 ni PET ya chupa za maji, 2 ni ile ngumu ya bidoni, 4 ni ya sashe laini, 5 ni ya vifuniko na mabeseni mengi. Ila vitu vingi vinavyotufikia vimevunjika, namba imeenda, na mama wa ku meza hana muda wa kutafuta miwani.

Basi tunatumia beseni. Unakata kipande, unakizamisha kwa kidole ili kisishikwe na uso wa maji, unaachia. PET ni nzito kuliko maji, lita moja ya PET ingekuwa na uzito wa kama kilo 1.38, inazama moja kwa moja. Kifuniko na bidoni na sashe vinapanda juu. Hiyo tu inatenga nusu ya kazi. Tatizo ni kwamba PVC (plastiki ya mabomba) nayo inazama, na PVC ni mchawi wa PET: viwili vikiyeyushwa pamoja, PVC inaungua mapema, inatoa asidi na madoa, mzigo mzima unakuwa wa njano au mweusi, unakataliwa. Fundi mmoja wa kurekebisha redio njo alituonyesha dawa yake. Unachukua waya wa shaba, unaupasha ku moto mpaka uwe mwekundu, unaugusisha ku kile kipande, unaurudisha ku moto. Ulimi wa moto ukiwa wa kijani, ni PVC, tupa kule. Vijana wanapenda hiyo kazi kupita, wanapima hata kandambili zao.

Chupa moja ya nusu lita iko na kama gramu 20. Fanyeni hesabu, kilo moja ni chupa kama 50, na chupa 50 zimejaza gunia kwa sehemu kubwa hewa tupu. Kubiki (mita ya ujazo) moja ya chupa zisizobanwa haifiki hata kilo 40, kwa hiyo fuso (lori) ikipanda na chupa zako umelipa mafuta ya kusafirisha pumzi. Fundi chuma wetu alitengeneza sanduku la chuma, mlango mbele, na ndani kriki (jeki) ya gari imegeuzwa isukume chini. Unajaza, unapiga kriki, unajaza tena, unafunga na kamba. Haina umeme, haina fundi kutoka Kigali, inafanya kazi. Ile ingine bado imevaa shitingi.

Desemba, mnunuzi wa ng'ambo

Wanunuzi wakubwa wako upande wa pili wa Ruzizi, na safari ya kwanza ilikuwa ya kujifunza makaratasi. Tangu tarehe 1 Januari 2021 sheria za Mkataba wa Basel, ule wa takataka zinazovuka mipaka, zimebadilika: plastiki chafu na iliyochanganywa ikivuka mpaka, nchi ya kupokea inapaswa kukubali kwanza kwa maandishi. PET peke yake, au ile ya bidoni peke yake, ikiwa safi na inaenda kweli kuyeyushwa upya, inapita kwa njia rahisi zaidi. Kwa hiyo beseni yetu ya maji si mambo ya shule, ni paspoti ya mzigo.

Kuna kichekesho cha mpaka huu. Rwanda wamekataza sashe tangu 2008, ukivuka na sashe ya mikate wanakunyang'anya. Kwetu kuna dekreti ya Desemba 2017 inayokataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe na vifungashio vya plastiki, nchi nzima. Nendeni ku soko ya Nyawera muulize mama wa nyanya kama aliisikia. Sashe nyeusi inakuja bure pamoja na nyanya.

Matokeo ya mauzo: ukitoa usafiri, karani wa mpaka, kamba, maji ya kuoshea (maji tunanunua kwa bidoni, msisahau), kinachobaki kinalipa glavu, buti na sabuni, na kidogo ya mlinzi. Mshahara wa watu wa meza hakilipi. Na bei ya plastiki inapanda na kushuka kufuata bei ya petroli huko duniani, ju petroli ikiwa rahisi plastiki mpya inakuwa rahisi, na chupa ya Kadutu inakosa mchumba. Mtu hawezi kuweka chakula cha watoto wa watu juu ya bei kama hiyo.

Januari, pavé

Kila mgeni anayekuja anauliza kwa nini hatutengenezi pavé (matofali ya kutandaza njiani) za plastiki na mchanga. Tulijaribu. Sashe laini zinayeyuka ku pipa, unachanganya na mchanga mkavu, unamwaga ku muldi, zinatoka nzuri, haziingizi maji. Ila moshi wake si wa kuchezea hata ukiwa nje, PVC ikipenya kidogo tu macho yanaungua, na kuni au makala ya kuyeyushia yanakula faida. Tutazitengeneza kwa oda tu, mbali na nyumba, na aliyeagiza alipe kwanza.

Februari, maganda

Hapa njo kazi yenyewe. Nusu ya mzigo ni maganda, maganda yakikaa ku mfuko siku tatu yananuka, yanalowanisha karatasi na plastiki, yanaleta nzi, majirani wanakuja na hasira. Maganda yakiondolewa mapema, kinachobaki ni kikavu, chepesi, mtu anakichambua bila kutapika. Kwa hiyo mbolea kwetu si biashara ya pembeni. Njo inafanya meza ifanye kazi.

Kairo walijifunza hilo kwa uchungu. Wazabalini, wale waokotaji wa kule, walikuwa wanachukua takataka mlango kwa mlango, maganda wanalisha nguruwe, vingine wanauza. Kufikia 2003 serikali ilikuwa imeingiza makampuni ya Ulaya na malori yao, mambo yakayumba, kisha 2009 kwa hofu ya mafua ya nguruwe nguruwe wote wakachinjwa, na maganda yakakosa mlaji yakaoza barabarani. Malori yalikuwepo. Mlaji wa maganda njo hakuwepo.

Sisi hatuna nguruwe wa kutosha, tuko na marundo. Rundo moja linafika kifuani kwa mtu, refu kama pusipusi mbili. Maganda mabichi yakikaa peke yake yanakuwa uji unaonuka, kwa hiyo tunapanga tabaka: maganda, kisha unga wa mbao kutoka kwa maseremala au miwa iliyokauka, kisha maganda. Mtu wa kitabu atakuambia uwiano wa kaboni na nitrojeni uwe kama 25 au 30 kwa 1. Mama Shefu anakunja konzi ya kitu kile anakikamua: maji yakichuruzika kuna maganda mengi, yakikosa kabisa ongeza maji, yakitoka matone mawili matatu kati ya vidole acha hivyo.

Joto tunapima kwa fito ya chuma, ile ya kujengea, ya urefu wa mkono na nusu. Unaichoma katikati ya rundo, unaiacha kidogo, unaichomoa na kushika ncha. Ukiweza kuishika starehe, rundo limelala, ligeuze. Ikikufanya uiachie, liko vizuri, pale ndani kuna digrii 55 hadi 65, na joto hilo likikaa siku kadhaa, na rundo likageuzwa ili la nje liingie ndani, mayai ya minyoo na mbegu za magugu vinakufa. Asubuhi ya baridi, mvuke unapanda ku marundo mpaka mlinzi anaota moto pale, amelalia gunia.

Majivu tuliyokuwa tunayaona kama balaa tumeyapatia kazi lakini si ndani ya rundo, ukiyaweka mengi ndani nitrojeni inatoka kama ile harufu ya mkojo na mbolea inabaki maskini. Tunayachekecha kando. Udongo wa Kabare na Walungu uko na asidi nyingi, majivu yanaipunguza, kwa hiyo wakulima wanayachukua pamoja na mbolea. Wanunuzi wetu wa kwanza ni watu wa mboga wa Kabare na mmoja wa pepinieri (kitalu) ya kahawa. Walichotuuliza cha kwanza si bei, ni "kuna vipande vya chupa ndani?" Mtu anapanda na mikono, hawezi kununua mbolea yenye vioo. Tangu siku ile tunachekecha mara mbili, na gunia likitoka na kioo tunarudisha pesa.

Machi, abonema (malipo ya nyumba)

Sasa nisome hesabu: plastiki inalipa glavu na sabuni, mbolea inalipa wanaogeuza marundo na usafiri wake. Nani analipa pusipusi? Hapa hakuna ujanja. Anayelipa ni yule ambaye takataka inamtoka mlangoni.

Tulipoanza kupita nyumba kwa nyumba, papa mmoja alitusikiliza kwa heshima zote, akatukalisha, akasema: "Bana bangu, munataka nilipe ju mubebe takataka. Mvua inabebaka bure." Ulikuwa ukweli mtupu, sikuwa na jibu pale pale. Jibu lilitoka kwa mama jirani yake wa chini: "Inabeba bure inaleta kwangu." Mfereji wa yule papa unamwaga ku kiwanja cha yule mama. Tangu hapo njo tunaanzia chini ya mteremko, si juu. Wale wa chini ndio wanaokula takataka za wote, wao wanajiandikisha bila kubembelezwa, kisha wao wenyewe wanapanda kusumbua wa juu. Shefu wa avenyi naye alikuja kuona kwamba kesi za mifereji zimepungua ku ofisi yake, akaanza kutusaidia bila kuombwa.

Malipo ni ya wiki, si ya mwezi. Mtu anayepata pesa ya siku hawezi kutoa ya mwezi mara moja hata kama ni ndogo, ila franka 500 Jumamosi inapatikana. Wengine wanatuma kwa simu, wengi wanampa mtu wa pusipusi mkononi, naye anatoboa kadi ya nyumba. Tulikataa kumlipa mtu wa pusipusi kwa kilo. Ukilipa kilo, unapata udongo na mawe. Yeye ana avenyi yake na nyumba zake, sehemu kubwa ya abonema ni yake, ndogo inakuja kituoni, na plastiki nzuri anayotenga mwenyewe njiani ni yake pia, tunamnunulia. Pune huko India wako na ushirika wa waokotaji unaoitwa SWaCH, mji uliandikiana nao mkataba 2008, wanachama maelfu, nyumba zinawalipa wao moja kwa moja. Wazo la abonema kwenda kwa mtu na si kwa ofisi tumelitoa kule.

Vifuko viwili tu. Cha maganda na cha vingine. Kuna shirika lililotaka tugawe pubele tano za rangi tano, kila nyumba. Nyumba ya vyumba viwili, watu 9, pubele tano utaziweka wapi, juu ya kitanda? Mbili zinatosha, hata ndoo iliyopasuka inafaa. Kadi ya mtu anayetenga vizuri inatobolewa kwa bei ndogo, anayechanganya analipa kamili. Imefanya kazi kuliko mikutano yote.

Watoto wa barabarani, maibobo, walikuwa wanaokota chupa kabla yetu na wataendelea. Kuwaajiri hatuwezi, ni watoto. Ila kuwafukuza ku marundo yao ili sisi tupate tonaji ya kuonyesha mfadhili, hapana. Wakileta chupa tunanunua kwa bei ile ile ya mkubwa, na mizani inaangalia kwao.

Aprili

Mvua kubwa mno. Mteremko wa juu yetu ulikatika kidogo, njia ya pusipusi ikaenda, watu wa avenyi walitoka Jumamosi ya salongo (kazi ya pamoja) wakaijaza mawe. Rundo moja lililokuwa nje ya bati lilizama, likanuka vibaya, tumelichanganya upya. Bati za nyongeza ni kitu cha kwanza ku orodha, kabla ya fundi yeyote wa mashini.

Na watu wa takse (kodi) wameanza kutuona. Akija wa usafi, anakuja wa mazingira, anakuja wa kiwanja, kila mmoja na fomu yake, kila mmoja anasema wenzake si wa halali. Siwataji. Tumeweka daftari moja mlangoni: anayekuja anaandika jina, huduma, namba ya sheria inayomtuma, na tunalipa ku benki au kwa simu tu, si mkononi. Wageni wamepungua sana tangu lile daftari.

Mei, barua ya komine

Sheria ya 2008 ya mamlaka za chini, namba 08/016, inazipa miji na komine madaraka yake yenyewe, na usafi umo. Madaraka wanayo, pesa hawana, hiyo kila mtu anaijua. Kwa hiyo barua yetu haikuomba pesa. Tuliomba vitatu: karatasi ya kiwanja ya miaka 10 ili mtu asitufukuze siku bei ya kiwanja ikipanda, gari moja kwa wiki ya kubeba mabaki, na sehemu ya jeto ya soko, ile wanayotoza wamama kila siku, irudi kama malipo ya kutoa maganda ya soko.

Mabaki njo yananinyima usingizi. Ukitoa maganda, majivu, plastiki ya kuuza, unabaki na pampasi, viatu, nguo, vifuko vya biskuti vyenye aluminiomu ndani, vioo. Haviuziki popote. Mji hauna dampo la kisasa, na ku milima hii inayokatika kila mvua utalichimba wapi. Mtu yeyote anayekuambia kituo chake hakina mabaki, muulize anachoma saa ngapi usiku. Sisi tunayafunga, tunayapima, tunayaandika ku daftari, na kilo hizo njo tumepeleka ku komine zikiwa zimepigwa mhuri, ju ukienda na "tunahitaji msaada" wanakuambia wote wanahitaji msaada, ukienda na kilo wanaanza kuhesabu safari za gari.

Jibu: kiwanja miaka 5, si 10. Gari, ndiyo, mafuta tuchangie. Jeto, bado wanajadili. Wamama wa soko hawakungoja jibu la jeto. Mama prezidanti wao alikuja mwenyewe, akasema wanatoa mchango wao mezani kwa meza, ila maganda yaondoke kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, si saa nne wakati wateja wameshajaa. Tumekubali, pusipusi mbili zinalala pale pale soko.

Juni, kiangazi

Maji yamekuwa ghali zaidi, kwa hiyo chupa tunapangusa na kubana, kuosha tunaacha mpaka Septemba. Bei ya mnunuzi imeshuka kidogo, sawa. Marundo yanakauka haraka, yanataka kumwagiwa, tunatumia maji yale ya kuoshea miguu na mikono.

Hesabu ilivyo leo, kwa kila franka 10 zinazoingia: karibu 6 ni abonema za nyumba na soko, 3 ni mbolea na majivu, 1 ni plastiki. Mfadhili bado analipa mlinzi na nusu ya mshahara wa karani, mpaka Desemba. Abonema ziko ku avenyi za chini tu, na tukifikisha zile mbili za katikati tutaweza kubeba mlinzi sisi wenyewe. Karani bado.

Mashini: tumeandika kuomba ruhusa ya kuiuza au kuibadilisha na bati na pusipusi mbili zenye magurudumu ya pikipiki. Wamejibu kwamba ku mkataba imeandikwa "vifaa vya kuchakata" na bati si kifaa cha kuchakata. Tumewaandikia tena na picha ya rundo lililozama, pamoja na bei za bati. Kama kuna mtu Bukavu mwenye trifaze ya uhakika na anataka kusaga plastiki, aje aione, iko mpya kabisa.

Kazi ya mwezi wa saba: avenyi mbili za katikati, Mama Shefu afundishe wengine wawili ile konzi na fito, na ile barua ya jeto tuifuatilie kila Jumatano mpaka itoke.